Mambo ya Roma

Kreti za sucré, yaani soda, ziliingia uani kabla ya wageni wenyewe. Zilipangwa kwenye kivuli cha ukuta, chupa nyekundu na za machungwa, na hakukuwa na bia hata moja. Jamaa za Banza ni Wakatoliki wanaopenda kinywaji chao, lakini Jumamosi hiyo walikuwa wanakuja kuposa kwa watu wa maombi, walokole wasioonja pombe. Mjomba wake Adolphe alikuwa amewaonya njiani kwamba leo watakunywa soda na watatabasamu.

Orpa aliyaona yote kupitia dirisha la chumba cha mama yake. Alikuwa amevaa kitenge cha samawati alichokitoa mwenyewe kwenye meza yao ya sokoni Kikula, kile ambacho kwa miezi alikataa kumuuzia mteja yeyote.

"Weye unatetemeka," mama yake alisema, akimfunga kitambaa cha kichwa.

"Ni furaha, mama."

"Hmm."

Kama Orpa angeuliza maana ya ile hmm, huenda leo ningekuwa nasimulia harusi. Lakini msichana anayesubiri kuposwa haulizi mambo madogo. Yeye alikuwa anachungulia lango kuona Banza amevaa nini.

Banza alikuwa fundi umeme wa kiwanda pembeni ya mji, mrefu, mpole, mwenye kucheka kwanza kwa macho na baadaye kwa mdomo. Walifahamiana pale pale sokoni, alipokuja kutafuta kitenge cha shangazi yake Marceline, akarudi kesho yake kutafuta kingine, na keshokutwa kingine tena, mpaka Orpa akamuuliza kama shangazi huyo ana miili mingapi. Baadaye akamwambia kwamba ana kitu cha kumwonyesha kwenye ordinateur, kompyuta yake. Ni maneno ambayo wanaume wengi wameyatumia vibaya. Banza, maskini, alikuwa na kitu kweli. Alikuwa na dokumentari nyingi za historia ya Roma ya kale, alizonakili kutoka kwa mwenzake wa kazini, zote kwa Kifaransa, zikisimuliwa na mzee mwenye sauti nzito ambaye hakuonekana hata siku moja.

Waliziangalia katika annexe, chumba cha uani alichopanga Banza, mchana ambao nyumbani walijua Orpa yuko kwenye mazoezi ya kwaya. Nasema waliziangalia, na ninamaanisha waliziangalia. Wewe unayetabasamu, acha. Mlango ulikuwa wazi, kitanda kilifunikwa shuka la maua, nao walikaa kwenye viti viwili vya plastiki, bega kwa bega, wakilaani umeme ulipokatika katikati ya vita.

Mwanzoni Orpa alisinzia. Kisha ikaja ile ya mji uliofunikwa na majivu ya mlima wa moto, wakaonyesha mkate uliokutwa ndani ya tanuru, mweusi kama makaa, bado umekatwa alama za vipande. Orpa alimshika Banza mkono.

"Nani alikuwa anaongojea ule mukate?" aliuliza.

"Haijulikani."

"Muntu fulani alikuwa na njaa, alikuwa anaongojea. Mukate ilikuwa tayari."

Alilia kwa ajili ya mtu ambaye hata jina lake halikubaki, na Banza aliniapia baadaye kwamba ni siku hiyo alipojua hataoa mwingine. Siku nyingine yule mzee wa sauti nzito alieleza jinsi bibi harusi wa Roma alivyobebwa kuvuka kizingiti cha nyumba ya mumewe, kwa sababu kujikwaa mlangoni kulikuwa mkosi. Banza alisimamisha filamu hapo hapo. Akamwambia Orpa atoke nje. Akamnyanyua, akavuka naye kizingiti, akamweka chini taratibu mbele ya viti vya plastiki.

"Njo vile," alisema, yaani ndivyo. "Hautajikwaa ku mulango yangu hata siku moja."

Sasa sikiliza jambo moja, kwa kuwa kila kitu kinaning'inia hapo. Kwa mtu wa maombi wa umri wa Papa Godefroid, baba yake Orpa, Roma si mji. Roma ni kanisa la Wakatoliki. Mkatoliki ni mtu wa Roma, misa ni mambo ya Roma, na kufundishwa Roma ni kufundishwa katekisimu. Orpa alilijua hilo tangu utotoni. Lakini Roma yake yeye ilikuwa imejaa barabara na mabafu na ule mkate, akasahau kabisa kwamba iko nyingine. Wiki chache kabla ya siku ya posa, alikuwa akiongea na Banza kwenye simu nyuma ya jiko, akacheka, akasema: "Siwezi kosa leo. Minakwambia, Roma iliisha kuniingia mu roho."

Mama yake alikuwa ndani ya jiko, anapepeta unga.

Wageni waliketi sebuleni. Watu walisalimiana, wakaulizana habari za safari, ingawa safari yenyewe ilikuwa ya kutoka mtaa wa pili. Mjomba Adolphe alisimama, akanyoosha koti.

"Papa Godefroid, shiye tulikuwa tunajipitia mu njia. Tukaona mu lupango yenu, hapa kwenu, iko ua moja ya muzuri sana. Tukasema, hapana, tuingie tuombe benye nyumba kama banaweza kutupatia."

"Ua iko," alisema Papa Godefroid. Alikuwa mtu mnene wa maneno machache, mfanyabiashara wa mawe ya shaba siku za kazi na shemasi siku za ibada. "Lakini mbele ya ua, niko na swali. Haiko kwako, ndugu yangu. Iko kwa kijana. Banza."

"Papa."

"Mutoto wangu, unamufundishaka mambo ya Roma?"

Uso wa Banza uling'aa. Usiku mzima alikuwa amejiandaa kwa maswali ya mshahara na ukoo, na hili lilikuwa swali la kwanza analolijua vizuri.

"Ndiyo, papa. Tangu mwaka ulipita."

"Mwaka muzima."

"Ndiyo. Mwanzo alikuwa anasinzia. Sasa njo yeye ananisukuma: Banza, leo tunafika wapi? Papa, Orpa eko anajua kunipita minye."

"Na munafika wapi?"

"Tunabakisha kidogo tu. Tulisha kufika ku Constantin. Kisha ni mwisho."

Shangazi Marceline alipiga makofi kimya kimya, machozi yakimlenga. "Mungu asifiwe. Banza, haukutuambia. Kumbe mutoto eko karibu ya batizo. Minye njo nitakuwa marraine yake, mama yake wa batizo, muntu asinipokonye."

Mama yake Orpa aliweka chini sinia ya glasi. "Nilisikia na masikio yangu," alimwambia mumewe, polepole. "Ku téléphone. Roma iliisha kumuingia mu roho. Nilikwambia."

Banza alimtazama shangazi yake, akamtazama Papa Godefroid, na nuru ikamtoka usoni. Alielewa kabla ya watu wote.

"Papa, hapana. Haiko ile. Roma ile shiye tunasema..."

Macho yake yalimtafuta Orpa pale aliposimama mlangoni mwa sebule. Kumaliza sentensi ile kulikuwa ni kusema wapi, na saa ngapi. Ni kusema annexe yake, na mchana wa kwaya, mbele ya baba shemasi na mama anayeongoza wanawake wa kanisa. Macho yake yalimuuliza: niseme?

Orpa alitikisa kichwa: hapana. Kidogo tu, hata aliyekaa karibu naye asingeona. Banza aliona.

"Malizia," alisema Papa Godefroid. "Roma gani ingine iko?"

"Orpa njo anaweza kusema, papa."

Watu wote walimgeukia. Kuna desturi kwetu, na haijali kama mtu ni wa misa au wa maombi: vinywaji vya posa havifunguliwi mpaka binti aulizwe. Akisema kunyweni, ameolewa nusu. Akinyamaza, kreti zinarudi zilikotoka.

Papa Godefroid alisema kwa sauti ya chini, na naapa haikuwa sauti ya hasira. "Orpa. Minye haiko muntu wa kufunga mutoto na kamba. Kama roho yako inaenda kule, sema. Kama iko jambo ingine, sema vilevile. Minye baba yako, nitasikia. Hii vinywaji, tukunywe?"

Orpa alifungua mdomo. Alimwona mama yake, mikono imekunjwa juu ya kitenge cha kanisa. Alifikiria ile michana yote, na wanawake wa kwaya wakiambiana mtoto wa shemasi alikuwa wapi. Moyoni akajiambia: kesho. Kesho nitamweleza mama tukiwa wawili tu, mama atamtuliza baba, Banza atarudi wiki ijayo. Ilionekana njia nzuri. Tatizo lake ni kwamba ilipita kwenye kimya, na kimya katika siku ile kilikuwa na maana moja tu.

"Orpa, minakuuliza tena mbele ya bantu. Tukunywe?"

Alitazama chini.

Mjomba Adolphe alisubiri kwa heshima, kisha akachukua kofia yake. "Tulisikia," alisema. Shangazi Marceline alifuta macho kwa ncha ya kitenge kile alichonunuliwa sokoni. Kreti zilibebwa kwenda nje, chupa zikigongana, na Orpa aliusikiliza mlio ule mpaka ulipokatika kwenye kona. Banza alikuwa wa mwisho kutoka. Langoni aligeuka nyuma na kumtazama kwa muda mrefu, bila kumlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Kesho ilikuja na Orpa hakusema. Mama alikuwa anaumwa kichwa. Siku iliyofuata ilikuwa ya kufunga na kuomba. Banza alipiga simu, Orpa akaiacha iite, kwa sababu alitaka kwanza awe na habari njema ya kumpa. Simu ikazidi kuita kwa nadra, na mwishowe ikanyamaza. Jakaranda za mjini zilichanua, zikapukutika, mvua zikaanza, na yeye bado alikuwa anatafuta siku inayofaa.

Siku yenyewe ilijileta. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Papa Godefroid alikuwa amenunua televisheni mpya na alikuwa anaishi mbele yake, miguu juu ya kigoda.

"Orpa," aliita. "Kuya uone. Bantu bale balikuwa na akili."

Alitoka jikoni akipangusa mikono. Kwenye kioo palikuwa na barabara ya mawe, nyeupe chini ya jua, na juu yake sauti nzito ya mzee asiyeonekana, ile ile, akieleza jinsi ilivyojengwa.

"Hii njia Paulo mutume alitembeaka juu yake," baba alisema kwa furaha. "Unaona? Njo bale ba Roma ba mu Biblia. Ba Pilato. Minye sikujuaka kama iko filme yabo. Ikaa, mama, ikaa."

Orpa hakukaa. Alihofia akikaa hatasema.

"Papa, njo hii."

"Njo hii nini?"

"Mambo ya Roma. Njo hii Banza alikuwa ananifundisha. Tulikuwa tunaangalia ku ordinateur yake. Kwake. Minye nilikuwa ninawaambia naenda ku chorale."

Papa Godefroid alimtazama, akatazama kioo, akamtazama tena. Yule mzee wa televisheni aliendelea kuhesabu matabaka ya mawe.

"Constantin," baba alisema hatimaye.

"Ni mufalme wabo, papa. Alikuwa ku mwisho mwisho."

"Haiko katekisimu."

"Hapana."

"Na ku ile nyumba, mulifanya nini ingine?"

"Tuliangalia, papa. Mulango ilikuwa wazi."

Alimwamini. Orpa aliona kwamba amemwamini, na papo hapo akajua kwamba angemwamini vile vile siku ile ya kreti. Baba alijikuna kidevu, macho yamemlowa.

"Nilikuuliza," alisema. "Mbele ya bantu yote nilikwambia, kama iko jambo ingine, sema. Juu ya nini haukusema, mutoto wangu?"

"Niliogopa."

"Uliogopa minye."

Papa Godefroid alipunguza sauti ya televisheni.

"Kesho asubui enda umuite. Mwambie akuye na ile sucré yake. Mwambie minye mwenyewe nitafungua ya kwanza."

Mjue kwamba Orpa alilala fofofo usiku ule, kwa sababu ndio usiku wake wa mwisho wa kulala vizuri kwa muda mrefu. Asubuhi alivaa kitenge kile cha samawati na kwenda kwa miguu, akiruka madimbwi, akipanga maneno. Angeanza na mzaha. Angesema: baba yangu anataka kubatizwa Roma.

Alipofika langoni kwa Banza aliziona kreti. Zilikuwa zimepangwa uani, nyekundu na za machungwa, na moyo wake uliruka. Alidhani mtu amewahi kuwaambia. Alidhani wanakuja kwao.

Shangazi Marceline alitoka na kopo la maji. Alisimama alipomwona.

"Orpa."

"Shikamoo, ma tante. Vinywaji inaenda wapi?"

Marceline alikuwa mwanamke mwema, na alijibu kwa huzuni. "Kapolowe. Kwa bazazi ba Joëlle, mwenye Banza ataoa. Bilisha kukunywewa kwa presentation, ile posa, sasa tunapeleka ya dot, ya mahari. Banza eko mu nyumba, mwanangu. Zungumuza naye, lakini usikawie. Bantu banatuongojea."

Banza alikuwa anafunga tai mbele ya kioo kidogo. Viti vya plastiki vilikuwa vimebebanishwa kwenye kona, kimoja juu ya kingine. Alimwona kwenye kioo kwanza, mikono ikasimama.

"Nilimwambia papa," Orpa alisema, mzaha wote umempotea. "Jana. Aliona mu télévision. Anajua yote. Anasema ukuye, njo yeye atafungua ya kwanza."

Banza aliketi kitandani.

"Jana," alisema.

"Jana."

"Orpa, nilipiga simu mpaka nikasikia haya."

"Minajua."

"Nilikuwa ninajiambia, leo atasema. Atasema, papa atacheka, ataniita. Hata siku tulienda Kapolowe mara ya kwanza, niliangalia téléphone njia nzima." Alivuta pumzi. "Joëlle ni muntu wa muzuri. Walimuuliza, akasema mukunywe. Alisema bila kungoja. Siwezi mufanyia vile nilifanyiwa."

"Siombi umufanyie vile."

Na kweli hakuomba, ingawa kila kitu mwilini mwake kilikuwa kinaomba. Nje, mtu alianza kuhesabu kreti.

"Uliisha kuangalia filme ya mwisho?" Orpa aliuliza.

"Niliangalia minye moja, peke yangu."

"Inaishaka namna gani?"

Banza alitazama ordinateur iliyofungwa mezani. Alipoanza kusema, alisema taratibu, kama yule mzee wao wa sauti nzito, lakini bila kumwigiza.

"Adui banazunguka mji. Ukuta ni nguvu, haiwezi kuanguka. Banakaa inje siku mingi. Kisha, banasema, usiku moja muntu wa mukati anafungua mulango. Njo vile Roma iliingiliwa. Haiko kwa nguvu ya bale ba inje. Ni muntu tu wa mukati, mwenye alikuwa na mukono ku mulango." Alimgeukia Orpa. "Niliangalia ile nikalia. Nilisema, bale balikuwa adui, na balipata wa kubafungulia. Minye nilikuya na sucré."

Orpa alisogea, akamnyoosha tai iliyokuwa imekaa upande. Mikono yake ilijua kola ile. Banza alifumba macho mpaka alipomaliza.

"Ulipendeza," Orpa alimwambia. "Ile siku vilevile. Sikukwambia."

"Banza," shangazi aliita kutoka uani, kwa upole. "Jua inapanda."

Banza alisimama. Wote wawili walisimama pale, karibu kiasi cha kusikiana pumzi, na hakuna aliyemgusa mwenzake tena. Kisha Orpa akageuka aondoke kabla machozi hayajaharibu shati la mwanamume wa mwanamke mwingine.

Kizingiti cha annexe ile ni cha juu kidogo, saruji iliyomwagwa vibaya. Mwaka mzima alikivuka bila kukitazama. Safari hii mguu ulijikwaa, akayumba, akasikia nyuma yake Banza akipiga hatua moja na kusimama. Orpa alijishika ukutani mwenyewe, akatoka.